Wakili wa bima wa Garissa anapotaka kuhamia kampuni kubwa: anachobeba na anachoacha

Katika mahakama ya Garissa, wakili anayemtetea mwenye lori lililopinduka mara nyingi hakutafutwa na mwenye lori. Ametafutwa na kampuni ya bima yenye makao yake Nairobi. Kampuni ndiyo inayomtumia faili, inayomwambia akubali kiasi gani na akatae kipi, na inayomlipa mwishoni. Mwenye lori huonekana siku ya kutoa ushahidi, na pengine asionekane kabisa.

Kazi hii imewalea mawakili vijana wengi wa Kaskazini Mashariki na wa kwetu Pwani. Ni kazi ya heshima na inampeleka kijana kortini mapema. Lakini siku hizi ukikaa na mawakili wa umri wa miaka thelathini hivi, mazungumzo hayachelewi kufika hapa: mtu anatokaje kwenye kesi za bima akaingia katika zile kampuni kubwa za mawakili za Nairobi? Na akitoka, anaacha nini nyuma?

Tuanze na kazi yenyewe, maana hata jamaa wengi wenye gari hawaijui inavyokwenda. Sheria ya bima ya magari kwa ajili ya watu wengine, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari la barabarani awe na bima ya kuwafidia watakaoumizwa na gari hilo. Kifungu cha 10 kinasema hukumu ikishatolewa dhidi ya mwenye gari, kampuni ya bima ndiyo italipa, na kwa mtu mmoja kikomo ni shilingi milioni 3. Kwa hiyo jina la kampuni haliko juu ya faili la kesi, lakini pesa ni zake, na anayelipa ndiye anayechagua wakili. Kila kampuni ya bima ina orodha yake ya mawakili. Kuingia katika orodha hiyo ni riziki, na kuondolewa ni njaa.

Sasa chukua mfano. Basi lililotoka Mombasa kupitia Garsen na Hola limegonga ngamia usiku karibu na Bura, likatoka barabarani, abiria kumi wakaumia. Miezi michache baadaye kesi zinafunguliwa. Wakili wa bima anapokea abstrakti ya polisi, fomu za P3, karatasi za hospitali na ripoti ya daktari. Kazi yake ya kwanza ni kuuliza maswali yasiyopendeza. Huyu kweli alikuwa ndani ya basi? Mfupa ulivunjika, au ni jeraha la juu juu lililoandikiwa maneno makubwa? Dereva alikuwa na leseni? Ngamia alikuwa wa nani?

Kisha anatafuta hukumu za zamani zenye majeraha yanayofanana ili aiambie mahakama kiasi kinachostahili. Akishindwa anakata rufaa, na huko atakutana na Butt dhidi ya Khan ya mwaka 1981 na Kemfro Africa dhidi ya Lubia. Hizi ni hukumu za Mahakama ya Rufaa ambazo kila wakili wa bima nchini anazijua kwa moyo. Zinasema mahakama ya juu haitagusa kiasi cha fidia ila kama hakimu alifuata msingi usio sahihi, au kiasi chenyewe kilikuwa kikubwa au kidogo kupita kiasi.

Hadi hapo kazi ya Garissa haina tofauti kubwa na ya Mombasa au Nakuru. Tofauti inaanza pale anayedai ni mfugaji.

Mtu aliyefariki Nairobi ana karatasi ya mshahara. Familia yake inaileta, mahakama inapiga hesabu ya miaka aliyobakiza kazini, inatoa sehemu aliyotumia mwenyewe, na kinachobaki ni fidia ya wategemezi. Aliyefariki kati ya Modogashe na Habaswein alikuwa na ngamia, mbuzi, na deni la maziwa kwa mama mmoja sokoni. Hana risiti hata moja. Mifugo mingine ni yake, mingine ni ya ndugu yake, mingine amepewa aichunge tu. Mahakama hapo huchukua kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali, au hutoa kiasi kimoja cha jumla bila kuhesabu mwezi kwa mwezi. Kampuni ya bima hufurahia njia zote mbili kwa sababu mara nyingi ni nafuu kwake.

Wakili anayejua maisha ya huko anajua pia jinsi ya kubishana juu ya jambo hili. Anajua ngamia wa maziwa anatofautianaje bei na dume, mifugo ikifa wakati wa ukame hesabu inageukaje, na ni mzee gani anayeweza kusimama mbele ya hakimu aeleze mali ya fulani na akaaminika. Amejifunza kukithamini kisicho na karatasi. Lishike neno hilo, tutalirudia.

Kuna jambo jingine ambalo wakili wa Nairobi hukutana nalo kwa mshangao. Kwa Wasomali, ajali ya kifo haiishii polisi. Wazee wa koo mbili hukaa chini, na diya huzungumzwa. Kwa jadi hesabu kamili ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, ingawa katika mapatano yenyewe kinacholipwa hutegemea mazungumzo. Maslaha yakifungwa, ukoo wa dereva umetoa, ukoo wa marehemu umepokea, na kwa macho ya wazee jambo limekwisha.

Baada ya hapo kesi ya bima inafunguliwa. Je, diya iliyopokewa ipunguzwe katika fidia? Mwenye gari aliyekwisha kutoa ngamia anaweza kuidai kampuni yake imrudishie? Kampuni itasema hakuomba ruhusa yake kabla ya kukubali kosa, na mikataba mingi ya bima inamkataza kufanya hivyo. Mwenye gari naye atasema kama angengoja barua ya Nairobi, damu nyingine ingemwagika. Wakili ndiye anayesimama katikati, akimweleza meneja wa madai kwenye simu kwamba huko maslaha si hiari.

Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka minne au mitano, akaifanya vizuri, si wakili mdogo. Basi kwa nini ahame?

Sababu ya kwanza ni kwamba mlipaji wake anaweza kufa. Wapwani wenye matatu wanalijua hili kuliko mtu yeyote. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Resolution mwaka 2022, Xplico mwaka 2023. Kampuni ikifika hapo, malipo yanasimamishwa. Majeruhi anakwama na hukumu mkononi. Mfuko wa kuwafidia wenye bima una kikomo chake, shilingi 250,000 kwa dai, kiasi kisichotosha hata mguu mmoja uliovunjika vibaya. Mwenye gari anarudiwa na madalali. Na wakili ana faili sitini alizozifanyia kazi, ambazo ada yake imegeuka kuwa jina katika orodha ndefu ya wanaodai. Aliyekuwa na mlipaji mmoja tu hufunga ofisi.

Ya pili ni ada. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 36, inakataza wakili kufanya kazi kwa chini ya ada iliyowekwa. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini wakili mdogo anayejadiliana na kampuni ya bima yenye orodha ya wenzake mia moja hana nguvu ya meza, na kila mtu katika taaluma analijua hilo hata kama halisemwi hadharani.

Ya tatu haizungumzwi sana, nami naiona kubwa kuliko hizo mbili. Zamani wakili wa Nairobi mwenye kesi Garissa alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 350 kwa ajili ya dakika tano za kutajwa kwa kesi. Hakutaka, kwa hiyo alimpigia mwenzake wa Garissa asimame kwa niaba yake na kumlipa kidogo. Mawakili wengi wachanga wa miji ya mbali wameishi kwa vijisenti hivyo. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, vikao vikahamia mtandaoni, na Machi 2024 Mahakama ikapeleka uwasilishaji wa hati kwa mtandao nchi nzima. Sasa wakili wa Nairobi anatajiwa kesi yake ya Garissa akiwa kwenye kiti chake cha Upper Hill. Aidha kuna Mahakama za Madai Madogo, zenye kikomo cha shilingi milioni 1 na siku 60 za kumaliza shauri. Zimekusudiwa kumfaa mwananchi, lakini kwa anayelipwa kwa kila hatua ya kesi, kesi fupi ina maana ya ada fupi.

Huko anakotaka kwenda kukoje? Hamilton Harrison & Mathews ilianza mwaka 1902, leo iko ndani ya mtandao wa dunia wa Dentons. Kaplan & Stratton ni ya mwaka 1927. Bowmans tuliijua zamani kama Coulson Harney. Anjarwalla & Khanna ina ofisi Nairobi na hapa Mombasa pia. Hizi zina vitengo: mashauri, benki, kodi, ardhi, ajira, nishati. Wakili hapokei faili lote, anapokea kipande. Muda unaandikwa, kwa sababu mteja mara nyingi hutozwa kwa saa. Aliyezoea kusimama mbele ya hakimu mara nne kwa wiki atakaa mwaka mzima akiandika hoja ambazo mkubwa wake ndiye atakwenda kuzisema. Anaweza pia kushushwa ngazi: miaka yake mitano ikahesabiwa kama mitatu. Hilo linauma, na wengine wamerudi nyumbani kwa sababu yake.

Watu wa kaskazini kupita njia ya Nairobi si jambo jipya. Mohammed Ibrahim, anayetajwa kuwa mtu wa kwanza wa jamii ya Wasomali wa Kenya kuwa wakili, alisajiliwa mwaka 1983. Alifanya kazi Waruhiu & Muite, kampuni iliyomweka katikati ya siasa za vyama vingi hata akazuiliwa mwaka 1990, kisha akawa katika Mohammed & Muigai kabla ya kuteuliwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2003 na wa Mahakama ya Juu mwaka 2011. Lakini wakati wake mawakili wa kaskazini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Leo wapo wengi, na mlangoni mwa kampuni kubwa wanapanga foleni pamoja na vijana wenye shahada ya pili kutoka London.

Ndiyo maana kosa la kwanza la wanaohama ni kujieleza vibaya. Anaandika: nimeshughulikia kesi mia tatu za ajali. Anayesoma barua hiyo Nairobi anaona mtu wa kujaza fomu. Idadi haimwambii kitu. Aandike kesi nne au tano: ile aliyomhoji daktari mpaka ripoti ikaanguka, ile aliyoishinda kwenye rufaa na ambayo hukumu yake imewekwa wazi kwenye tovuti ya Kenya Law ikiwa na jina lake. Aseme amehoji mashahidi wangapi kwa lugha yao bila mkalimani. Wapo mawakili wa miaka minane katika kampuni kubwa ambao hawajawahi kumhoji shahidi hadi mwisho. Wanajua hawajui, na wakubwa wao pia wanalijua.

Hapa ndipo turudi kwenye kile kisicho na karatasi. Kwa miaka mingi kampuni kubwa hazikuwa na haja na Garissa. Mambo yamebadilika. Mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwaka 2012 unapita Garissa kwenda Isiolo. Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, megawati 50, ulifunguliwa mwaka 2019. Ardhi kubwa ya huko ilikuwa ya amana chini ya mabaraza ya wilaya, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema ni ya jamii yenyewe, isajiliwe kwa jina lake, na mwekezaji azungumze nayo. Azungumze na nani? Malisho yanayotumiwa msimu mmoja tu yana thamani gani? Kisima kilichochimbwa na babu, kikafukiwa na barabara, kinalipwaje?

Ni swali lile lile la mfugaji aliyegongwa na lori, ila limekuwa kubwa. Sisi wa Pwani tuliliona Lamu. Mwaka 2018, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, Mahakama Kuu iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na bandari mpya. Mvuvi naye hana karatasi ya mshahara. Mtu alilazimika kueleza bahari ile inamlisha nani, na kwa kiasi gani.

Bima yenyewe pia imebadilika huko. Takaful Insurance of Africa, iliyoanza mwaka 2011, ilipeleka Wajir bima ya mifugo inayofuata misingi ya Kiislamu, na mwaka 2015 serikali ikaanza mpango wake wa bima ya mifugo kwa Wajir na Turkana. Bima hizi hazingoji ng'ombe afe. Setilaiti inapima kijani cha malisho, na kikishuka chini ya kiwango malipo yanatoka. Kila neno la mkataba wa namna hiyo linaweza kuzaa mzozo, na wanaoweza kulisoma pamoja na mfugaji na pamoja na mwenye hesabu ni wachache mno. Anayetaka kuhama na hataki kuacha kabisa alichokijua, mlango mmojawapo uko hapo.

Wala tusijidanganye. Katika kampuni kubwa, mteja kwa kawaida ni mwekezaji, benki au serikali. Kijana aliyekuwa akimtetea mwenye basi dhidi ya mjane anaweza kujikuta sasa akimtetea mwenye mradi dhidi ya kijiji kizima, na wazee wakamtambua. Wapo wanaosema bora awepo mtu wetu chumbani anayejua kisima ni nini. Wapo wanaosema huko ni kukodishwa. Mimi naona la kwanza lina ukweli zaidi, mradi mtu aulize kabla ya kutia saini kama kampuni itamruhusu kukaa kando ya kesi zinazogusa ukoo wake. Kampuni nzuri huruhusu. Akiuliza baada ya mwezi wa sita ataonekana msumbufu.

Kuna na siri. Wakili wa bima anajua mambo ambayo mlipaji wake hataki yajulikane: kesi ya mguu uliovunjika huwa wanaimaliza kwa kiasi gani, meneja gani hulegea mwisho wa mwaka, ni daktari yupi wanamwogopa. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamfunga kutunza siri za mteja hata baada ya kazi kwisha. Na katika shauri la King Woolen Mills dhidi ya Kaplan & Stratton, la mwaka 1993, Mahakama ya Rufaa ilionyesha kwamba hata kampuni kubwa inaweza kuzuiwa kumwakilisha mtu dhidi ya mteja iliyemhudumia kwanza ikapata siri zake. Kwa hiyo kampuni mpya itamtaka aorodheshe aliowahi kuwafanyia kazi, majina tu. Aorodheshe wote. Asichukue kwenye flashi ripoti za madaktari za watu. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 habari za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee, na kuzibeba ni kosa lisilohitaji kuelezwa.

Mwenye gari pia ana haki katika jambo hili, naye ndiye husahaulika. Yeye ndiye mteja mahakamani, hata kama halipi. Kampuni ikitaka kumkana, kwa mfano kwa kuwa gari la kibinafsi lilibeba abiria wa kulipa, lazima ifungue kesi ya kutamkiwa hivyo ndani ya miezi mitatu tangu kesi ya ajali ianze. Wakili aliyekuwa akimtetea mwenye gari hawezi kugeuka akaifungua yeye. Akihama katikati ya mvutano huo bila kumwambia mtu, mwenye gari anaweza kuamka siku moja hana bima wala wakili.

Kwa hiyo namna ya kuondoka ni muhimu. Aliyeajiriwa katika ofisi ya mwingine ana kazi rahisi: faili ni za ofisi, anakabidhi kwa maandishi, anaeleza kila kesi imefika wapi na tarehe ipi inakuja. Mwenye ofisi yake mwenyewe ndiye mwenye mzigo. Lazima aiandikie kila kampuni na kila mwenye gari, apeleke mahakamani notisi ya kubadilisha wakili, na pale hukumu imekwisha kutolewa aombe kwanza ruhusa ya mahakama kama Agizo la 9 la Kanuni za Mashauri ya Madai linavyotaka. Kwa faili sitini hiyo ni kazi ya miezi mitatu au minne, na huko Nairobi watataka aanze mwezi ujao. Awaambie wasubiri. Anayefungasha ofisi kwa wiki mbili huacha kesi mahali ambapo hukumu hutolewa bila utetezi, na wa kulipa hiyo ni mwenye basi wa Hola ambaye hata hakujua wakili wake amehama.